Kabla ya Kumlenga Kulungu, Ujue Umbali Wako

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo kijana aliyekulia Nakuru amezoea kumtazama swala akiwa ndani ya gari. Akihamia Texas au Montana, msimu ukifika wenzake wa kazini humwalika msituni, naye hupiga simu nyumbani kuniuliza bunduki aliyoazimwa inafika wapi. Inafika mbali mno, kilomita kadhaa. Ninachotaka ajiulize ni hiki: yeye mwenyewe, akiwa umbali gani, ana hakika ya kuipeleka risasi kwenye moyo na mapafu?

Kwa kulungu wa mkia mweupe, sehemu hiyo ina upana wa kama sentimita 20, sawa na kisahani cha karatasi. Basi mapema kabla ya msimu, nenda uwanja wa shabaha na visahani vya kipimo hicho. Usiegemeze bunduki mezani, maana msituni hakuna meza. Piga goti, kaa chini, egemea mti. Kimbia kidogo kwanza mpaka moyo ukudunde, kisha fyatua risasi moja tu, mtutu ukiwa bado baridi. Rudia siku nyingine. Pale mbali zaidi ambapo risasi zote bado zinaingia kisahanini ndipo mpaka wako ulipo. Ukiwa ni mita 90, ni 90, hata kama mwenyeji wako anajisifu kwa 300.

Umbali ukiongezeka, makosa huongezeka kwa kasi. Bunduki ya .308 (kipimo cha unene wa risasi kwa inchi) iliyorekebishwa ipige pale inapolenga kwenye mita 100, risasi yake huwa imeshuka zaidi ya sentimita 10 kwenye mita 200, na zaidi ya 40 kwenye mita 300. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kuchezesha majani tu, huisukuma karibu sentimita 20 ikifika mita 300. Hapo umeshatoka kwenye mapafu na kuingia tumboni, na mnyama aliyepigwa tumbo hufa polepole kwa mateso makali. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa kreta ya Menengai, kule Nakuru, anajua kwamba upepo unaokupiga usoni si lazima uwe ndio unaovuma kule bondeni.

Kipimo cha leza kitakupa mita, lakini hakitakwambia kama kulungu amekaa vizuri. Subiri akupe ubavu. Akikuelekea au akikupa mgongo, acha. Akiwa juu ya kilima na nyuma yake ni anga tupu, acha pia, hujui nani yuko upande wa pili. Ukiwa na shaka, nyata umsogelee. Akikimbia, mwache aende.

Beba tochi. Ukishapiga, weka alama aliposimama, na usipomwona akianguka, ngoja nusu saa ndipo ufuate damu. Damu ikiwa na uchafu wa kijani na harufu ya matumbo, ngoja saa kadhaa, kwa sababu ukimfukuza mapema ataamka na kwenda mbali, na huenda usimpate tena.