Namna ya kumsimulia mwenye filamu ya Kihindi bandani, wazee wa Ujiji wakakusikiliza

Ukianza na "alizaliwa mwaka fulani, katika mji fulani", umekwisha. Watu watakuangalia, watasonya, kisha mmoja atauliza kahawa iko wapi. Mimi yalinikuta. Banda langu la video liko Ujiji, na kila Alhamisi jioni naweka filamu za zamani kwa ajili ya wazee. Stelingi wote wanawajua, na Nargis wanamtaja kama binti wa jirani. Aliyetoa fedha filamu ikapatikana, huyo hawamjui hata jina. Basi nikajifundisha kumsimulia mtayarishaji, nikaanza na Mehboob Khan, kwa kuwa jina lake halihitaji tafsiri. Mahabubu, nani hamjui?

Kwanza, tafuta nakala yenye mwanzo wake. Niliwahi kuuziwa diski iliyokatwa kichwa, filamu inaanza watu wameshagombana, na muuzaji akaniambia hayo maandishi ya mwanzo ni ya kupoteza muda. Hayo hayo ndiyo unayoyatafuta. Kwenye filamu ya India kuna cheti cha bodi ya ukaguzi, kisha nembo ya kampuni, kisha majina. Shika rimoti, simamisha picha, soma.

Nembo ya Mehboob ni nyundo na mundu. Mara ya kwanza niliwatangazia watu kwa sauti kubwa kwamba hii ni filamu ya Kirusi. Walinicheka hadi mapumziko. Nembo hiyo huandamana na beti la Kiurdu, maana yake ni kwamba adui akikutakia mabaya hata mara laki, litakalokuwa ni lile aliloridhia Mungu. Usilipite haraka. Neno "laki" wazee wanalisikia wenyewe, maana Kiurdu nacho kinalo, na nikimaliza kulitafsiri wanaitikia "Sadakta" kama wako kwenye mawaidha. Hapo umeshawapata.

Halafu watenganishie kazi mbili, mtayarishaji na mwongozaji. Mtayarishaji hutafuta fedha, huajiri watu, hubeba hasara. Mwongozaji husimama nyuma ya kamera na kuwaambia waigizaji wafanye nini. Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 iliongozwa na K. Asif, lakini fedha zilitoka kwa Shapoorji Pallonji, mtu wa ujenzi. Mehboob alifanya yote mawili ndani ya kampuni yake mwenyewe. Mimi hueleza hivi: kuna mwenye mtumbwi na kuna nahodha, na kuna yule ambaye mtumbwi ni wake na usukani anashika yeye. Watu wa ziwani hawahitaji zaidi ya hapo.

Sasa majina ya filamu. Yaandike kwa herufi za madrasa kwenye boksi, uyatundike ukutani. Kiurdu huandikwa kwa herufi hizo, pamoja na chache za ziada: pe na che zina nukta tatu chini, na gafu ni kafu iliyoongezewa mkwaju. Nilipoyatundika, babu mmoja aliyefundisha chuo cha Kurani miaka mingi alisogea na bakora yake, akawa anagusa herufi moja moja. Al Hilal, ya mwaka 1935, filamu ya kwanza Mehboob kuiongoza, aliisoma bila kusita, akacheka, "Mwezi mwandamo!" Akateremka kwenye jina la chini yake. Aini, wau, re, te. Akanigeukia.

"Mwanangu, hii aura utaionyesha mbele za watu?"

"Hapana, babu. Kwao Aurat maana yake mwanamke tu, si uchi."

Hakuridhika. Lakini siku ile banda lilijaa.

Miaka iambatanishe na ya hapa petu, vinginevyo ni tarakimu tupu. Mehboob alizaliwa 1907 Bilimora, Gujarat. Sema ni mwaka vita vya Maji Maji vilipokwisha. Mwaka 1927 alikuwa kijana wa kujazia picha, mmoja wa wezi arobaini katika filamu ya Alibaba. Mwaka huohuo meli ya Liemba, iliyokuwa imezamishwa na Wajerumani na kuinuliwa kutoka ziwani, ilirudi kazini. Mwaka 1954, ilipozaliwa TANU, yeye alifungua studio yake Bandra, Bombay. Wazee wakisikia hivyo wanaanza kuhesabu wenyewe nani alikuwa na umri gani, na wewe pumzika kidogo, wanakusaidia kazi.

Usimwage yote kabla ya filamu. Mother India ya mwaka 1957 ni karibu saa tatu, na ina mapumziko katikati. Simulia hapo, watu wakiwa na kikombe mkononi. Waambie kwamba kisa hiki Mehboob alishakitengeneza mara moja, ndiyo ile Aurat ya mwaka 1940, na mama wa filamu ile, Sardar Akhtar, baadaye akawa mkewe. Waambie pia kwamba Sukhilala, yule mkopeshaji wanayemtukana tangu filamu ianze, aliigizwa na mtu yuleyule mara zote mbili, Kanhaiyalal, miaka 17 imepita katikati. Hili huwasisimua kuliko habari ya Oscar. Nayo itaje: Mother India ndiyo filamu ya kwanza ya India kuteuliwa kuwania tuzo hiyo kwa filamu za lugha za kigeni. Haikushinda, na bandani kila mtu ana maoni yake kuhusu waamuzi.

Son of India ya mwaka 1962 ilikuwa ya mwisho. Itaje tu, endelea.

Kifo kiache mpaka taa zinakaribia kuzimwa. Nehru, waziri mkuu wa India, alifariki tarehe 27 Mei 1964, na Mehboob akamfuata kesho yake, tarehe 28. Nikifika hapo, yule babu hunyoosha vidole akahesabu kuanzia Muungano. "Mwezi na siku mbili," anasema. Kisha anagonga benchi kwa bakora ili niendelee na filamu.