Kuivuka Kiu ya Sigara: Dakika Tano za Hatari na Watu wa Kuzivuka Nao

Mvutaji wa sigara anayefunga Ramadhani amekwisha kuthibitisha jambo ambalo yeye mwenyewe hulikana katika miezi 11 iliyobaki, yaani kwamba anaweza kukaa bila sigara tangu alfajiri hadi magharibi, muda wa saa 13 hivi katika pwani yetu, huku akiendelea na kazi, akisukumana kwenye daladala na kubishana na wateja kama kawaida. Kichwa humuuma na hasira humpanda upesi, lakini jua linazama naye bado yuko. Kisha adhana inasikika, na wapo wanaowasha kabla hawajamaliza tende ya pili. Kilichomsaidia mchana si moyo wa chuma. Ulikuwapo mpaka unaojulikana, watu wote waliomzunguka waliuheshimu, na hakuna aliyemkaribisha avute. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujitengenezea mpaka wa aina hiyo bila kusubiri mwezi uandame.

Kwanza inafaa kuielewa kiu yenyewe. Nikotini iliyomo katika moshi hufika ubongoni baada ya sekunde 10 hadi 20 hivi, na huko huchochea kutolewa kwa dopamini, kemikali inayompa mtu hisia ya kuridhika. Raha hiyo haikai. Kiasi cha nikotini katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, na ubongo uliokwisha kuizoea huanza kudai. Kwa hiyo sigara inayosifiwa kwamba hutuliza mawazo, kwa sehemu kubwa hutuliza udhia ulioletwa na sigara iliyotangulia, kama mkopo wa kausha damu ambao mtu hukopa leo ili alipe marejesho ya jana.

Anayeacha hupata wasiwasi, hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyo na kiasi na kushindwa kukaza fikra. Vijana wa mitaani huiita hali hiyo arosto, neno walilolichukua kwa watumiaji wa heroini, na nadhani si kosa kulitumia hapa, kwa sababu wanaoicheka kiu ya sigara kana kwamba ni deko tu hawajawahi kuionja. Dalili hizo huwa kali zaidi katika siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hufifia polepole katika wiki 3 au 4. Hata hivyo, ndani ya siku hizo kiu haimkalii mtu mfululizo. Huja kwa vipindi, na kila kipindi hudumu dakika 3 hadi 5, mara chache zaidi kufika 10. Jambo la kushika ni kwamba kipindi hicho hupita, uvute usivute. Wengi hawalijui hilo kwa kuwa hawajawahi kukisubiri kiishe. Huwasha katika dakika ya pili, kisha huishukuru sigara kwa kazi ambayo saa ingeifanya.

Kabla ya kuacha, chukua daftari dogo na kwa wiki moja andika kila sigara unayovuta: saa, mahali, uliyekuwa naye na ulichokuwa ukikifanya. Usijipunguzie wala usione haya, maana daftari ni lako peke yako. Siku ya saba utakuta kwamba sigara zako zina ratiba. Ipo ya baada ya chai ya asubuhi, ipo ya baada ya chakula cha mchana, ipo ya kijiweni inayofuatana na kahawa chungu, ipo ya foleni, na kwa wanaotafuna mirungi au kunywa bia zipo zile zinazoongozana bila hesabu. Sigara za namna hii si zote zinazodaiwa na mwili. Nyingine zinadaiwa na kiti ulichokalia. Ukishaijua ratiba, panga siku ya kuacha ndani ya wiki 2 zijazo, iwe siku isiyo na harusi wala safari ndefu, na usiku wa kuamkia siku hiyo ondoa nyumbani sigara zote, kiberiti cha mfukoni na kisahani cha majivu, kisha fua nguo na mapazia yaliyoshika harufu.

Tatizo letu ni kwamba kuondoa sigara nyumbani hakutoshi, kwa sababu wengi wetu hatununui pakiti. Tunanunua moja moja dukani kwa Mangi au kwenye genge, ambako laita imefungwa kwa kamba ili mteja awashe papo hapo. Nchini Kenya, sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara katika pakiti yenye sigara chini ya 10, lakini anayepita mitaani anajua jinsi biashara ya reja reja inavyoendelea. Bei ya sigara moja haimshtui mtu, na umbali wa kuifuata ni hatua chache, kwa hiyo kiu ya dakika 5 hupata dawa yake katika dakika ya kwanza. Mwenye duka basi ndiye mtu wa kwanza kuzungumza naye, hata kabla ya daktari. Mwambie waziwazi, wakati huna kiu: "Mangi, kuanzia Jumatatu mimi sivuti tena. Nikija kununua, hata moja, hata kwa kusema natumwa, usiniuzie." Atacheka. Pengine atakuuzia kweli, maana ni biashara yake. Lakini utakuwa umejiwekea aibu ndogo njiani, na aibu ndogo inatosha kumrudisha mtu hatua kumi. Kama humwamini, badilisha njia ya kwenda kituoni kwa mwezi mmoja.

Kiu ikija, tazama saa. Hilo ndilo la kwanza, na lisidharauliwe kwa urahisi wake. Mtu anayejua kwamba saa 4 na dakika 12 kiu ilianza, na kwamba saa 4 na dakika 17 itakuwa imelegea, anapambana na kitu chenye mwisho. La pili ni kuondoka mahali ulipo, kwa kuwa mwili uliozoea kuvuta ukiwa umeegemea ukuta fulani utaendelea kudai ilimradi ukuta uko mgongoni. Tembea hadi bombani, kunywa maji taratibu, rudi. La tatu ni kuushughulisha mkono na mdomo, na hapa tuna mali ambayo hatuithamini: mswaki wa mti. Unakaa mfukoni, unashikwa kwa vidole vilevile, unatafunwa kwa muda upendao na hakuna atakayekushangaa. Wengine hutafuna karafuu moja au punje ya iliki, wengine tangawizi mbichi, karanga au kipande cha muwa. Peremende zitumike kwa kiasi, hasa kwa mwenye kisukari. Kuvuta pumzi ndefu kwa pua na kuitoa polepole kwa mdomo nako husaidia, kwani sehemu ya utulivu aliokuwa akiupata mvutaji ilitokana na pumzi zake ndefu mwenyewe.

Kuhusu kahawa, lipo jambo la mwili ambalo wachache hulitambua. Moshi wa sigara hulifanya ini lisage kafeini haraka kuliko kawaida. Mtu akiacha kuvuta, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na vikombe vilevile vya kahawa alivyovizoea humpa mapigo ya moyo, mikono kutetemeka na kukosa usingizi, naye hudhani ni sigara inayomsumbua. Punguza kahawa hadi nusu katika wiki za mwanzo. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia aminofilini kwa pumu, au olanzapini na klozapini kwa maradhi ya akili, amweleze daktari wake kabla ya siku ya kuacha ili dozi iangaliwe upya. Na mwenye kisukari apime sukari mara kwa mara zaidi.

Usiogope kikohozi kikiongezeka siku za kwanza. Vinyweleo vidogo vya njia ya hewa vilivyokuwa vimezubaishwa na moshi vinaanza tena kufagia. Uzito nao huongezeka, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na ningekushauri usianze kufunga mkanda wa chakula katika mwezi uleule wa kuacha sigara. Vita moja inatosha.

Sasa dawa. Tiba mbadala ya nikotini, yaani plasta au chingamu yenye nikotini bila moshi wala lami yake, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Kwetu hupatikana zaidi katika maduka makubwa ya dawa ya mijini, na bei yake si ya kila mfuko, lakini linganisha gharama ya wiki kadhaa na ya sigara za mwaka kabla ya kukata tamaa. Plasta hubandikwa asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, na kesho yake huhamishiwa mahali pengine ili ngozi isiwashe. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza kwa kawaida na ya miligramu 21, kisha hushuka hadi 14 na 7. Chingamu ya miligramu 4 ni ya yule anayevuta sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka. Wengine hutosheka na ya miligramu 2. Wengi huiharibu kwa kuitafuna kama chingamu ya watoto, wakapata kwikwi na kiungulia, kisha wakasema haifai. Itafune polepole mpaka uhisi ukali kama wa pilipili, iache ikae kati ya shavu na ufizi, ukali ukipungua itafune tena, hivyo hivyo kwa nusu saa, na usinywe kahawa wala soda robo saa kabla yake. Plasta na chingamu vikitumiwa pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake. Mjamzito, na aliyepatwa na mshtuko wa moyo karibuni, wasijiamulie bila daktari. Vipo pia vidonge visivyo na nikotini, bupropioni na vareniklini, ambavyo huandikwa na daktari. Bupropioni haimfai mwenye kifafa.

Shirika hilohilo linakadiria kwamba majaribio ya kuacha tumbaku bila msaada wowote hufanikiwa kwa asilimia 4 tu, na kwamba ushauri wa mtaalamu pamoja na dawa zilizothibitishwa huweza kuuongeza uwezekano huo zaidi ya mara mbili. Katika zahanati na vituo vya afya, muulize mhudumu hata kama ulikwenda kwa jambo jingine. Ukiwa unatibiwa kifua kikuu, swali hilo ni la lazima, kwa sababu tumbaku huongeza hatari ya ugonjwa huo na huharibu matokeo ya tiba. Nchini Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo na hutoa ushauri kwa wenye uraibu. Nchini Tanzania, namba 199 ya Wizara ya Afya nayo ni ya bure, nawe unaweza kuanzia hapo kuulizia mahali pa kupata huduma.

Hata hivyo mhudumu humwoni kila siku, na kiu haisubiri kliniki. Unahitaji mtu mmoja wa simu, si kumi. Achaguliwe kwa kuwa anapokea simu, hata kama si mwenye hekima kubwa, na awe ameambiwa kazi yake kwa maneno mepesi: "Kaka, nikikupigia usinihubirie, nizungumzishe dakika tano, hata habari za mpira." Nyumbani, mwombe mkeo au mumeo uvumilivu wa wiki tatu, umweleze mapema kwamba hasira zitakuja na si yeye aliyezileta. Kijiweni, tangaza mara moja, kisha kaa upande unakotoka upepo. Na kama wenzako ni watu wa kukuchokoza kwa moshi, pumzika kijiwe hicho kwa mwezi, utawakuta palepale.

Wanawake wana ugumu wa ziada ambao miongozo mingi huupita kimya. Anayevuta kwa kujificha, au anayetumia ugoro na tumbaku ya kutafuna, hawezi kutangaza kuacha kitu ambacho hakuna aliyejua kwamba anakitumia. Kwake simu ya ushauri, ambako halazimiki kufahamiana na anayemjibu, au nesi mmoja anayemwamini, ni bora kuliko baraza zima la ndugu. Kiu ya ugoro nayo ni ya nikotini, hivyo saa, maji, karafuu na mtu wa simu vinafaa vilevile.

Ukiteleza ukavuta moja, siku ya kuacha haijafutika. Itupe iliyobaki, andika katika daftari lile saa, mahali na uliyekuwa naye, kisha mpigie mtu wako siku hiyohiyo, si kesho. Wengi waliofanikiwa walijaribu zaidi ya mara moja, na kila kuteleza huonyesha tundu ambalo hukuliziba.

Kwa aliyeamua kutumia Ramadhani kama mwanzo, tundu hilo linajulikana mapema: ni baada ya futari, na zaidi ni asubuhi ya Idi, watu wanapotoka kuswali, biriani linasubiri, na binamu aliyetoka safari anazungusha pakiti kwa furaha ya kweli. Mpigie binamu huyo usiku wa kuamkia Idi umwambie, na asubuhi nenda uwanjani ukiwa na mswaki mdomoni.