Kumfunza Labrador mchanga kuokota bata: kuanzia wiki ya nane hadi msimu wa kwanza

Mwongozo huu unamhusu mtu anayetaka mbwa mmoja afanye kazi mbili: Jumamosi usiku alale sebuleni miguuni mwa watoto, na Jumapili alfajiri aogelee katika maji baridi kumletea bata aliyeangukia ng'ambo ya matete. Ninaandika kutoka Minnesota, Marekani, jimbo lenye maziwa zaidi ya 10,000, ambako msimu wa bata hufunguliwa mwishoni mwa Septemba, na ambako sheria ya shirikisho humtaka mwindaji ajitahidi kwa dhati kumpata kila ndege aliyemwangusha. Bila mbwa, agizo hilo ni gumu kulitimiza, kwa kuwa bata aliyejeruhiwa hupiga mbizi na kujificha kwenye mpunga-mwitu hadi mtu akate tamaa.

Wazee wa Labrador walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, waliopelekwa Uingereza katika karne ya 19 na kutunzwa huko kwa ajili ya uwindaji wa ndege. Hamu ya kubeba kitu mdomoni na kukuletea wamezaliwa nayo. Wasichozaliwa nacho ni subira. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mafunzo yanayofuata ni kumfundisha mbwa kungoja, na mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa jambo hilo.

Hatua ya kwanza: uliza maswali kabla ya kulipa

Mwombe mfugaji vyeti vinavyoonyesha kwamba nyonga na viwiko vya wazazi wote wawili ni vizima, kisha uulize kuhusu ugonjwa unaomfanya Labrador aanguke miguu ya nyuma ikilegea baada ya dakika chache za mbio kali. Jeni inayohusika, iitwayo DNM1, ilitambuliwa mwaka 2008 na watafiti ambao baadhi yao walikuwa hapa hapa katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mbwa huugua anaporithi nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama pia, hivyo inatosha mzazi mmoja awe hana nakala hiyo kabisa. Rangi ya manyoya ichague upendavyo, kwa maana haina uzito wowote katika kazi.

Hatua ya pili: nyumbani, tangu wiki ya 8 hadi mwezi wa 4

Katika kipindi hiki mtoto wa mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida duniani na kipi ni cha kuogopwa. Mkutanishe na watoto, ngazi, mashine ya kufagilia zulia, mvua, gari na mashua iliyotiwa nanga, huku ukimlinda dhidi ya sehemu wanakopita mbwa wasiojulikana mpaka chanjo zake zikamilike. Usiku alale katika kizimba chake ndani ya nyumba. Wapo wanaoshikilia kwamba mbwa wa kuwinda huharibika akiishi ndani. Uzoefu wangu ni kinyume chake, kwani anayekaa nawe siku nzima huisoma sauti yako na uso wako kabla hujatoa amri.

Chagua amri chache zisizofanana kwa sauti. Mimi hutumia Kiswahili, na kuna faida: katika maficho yenye wawindaji watatu wanaowapigia mbwa wao kelele kwa Kiingereza, mbwa wangu husikia maneno yangu peke yake. Hata hivyo nilijikwaa mwanzoni. Nilimpa jina la Kahawa kwa sababu ya rangi yake, na kila nilipomwita aliketi, maana silabi ya kwanza ya jina ndiyo amri ya "kaa". Baada ya wiki mbili za kuchanganyana nilimbadilishia jina, akawa Buni.

Mazoezi ya kuleta yafanyike kwenye korido, milango yote ikiwa imefungwa. Rusha soksi iliyofungwa fundo. Mtoto ataikimbilia, na atakapotaka kutoroka nayo hatakuwa na njia nyingine ila ile inayopita kwako. Akifika, usimnyang'anye. Mpapase kifua kwanza, mwache afurahie kuibeba, ndipo uichukue. Rusha mara tatu, nne zikizidi, na usimame angali anataka zaidi.

Hatua ya tatu: miezi ya meno

Kati ya mwezi wa 4 na wa 6 meno ya utotoni hung'oka, ufizi huuma, na kitu kigumu mdomoni huwa adhabu. Simamisha kabisa mazoezi ya kuleta, la sivyo atajifunza kutema kitu njiani au kukitafuna. Tumia muda huo kumtembeza kando yako akiwa na kamba iliyolegea, na umwepushe na kuruka kutoka mahali pa juu, kwani viungo vyake bado vinakua.

Hatua ya nne: filimbi

Mlio mmoja mrefu una maana ya kaa na unitazame; milio mitatu mifupi ina maana ya njoo. Anza wakati wa chakula: mbwa akae mbele ya bakuli, apigiwe mlio mrefu, angoje, na aruhusiwe kula kwa kutajwa jina lake. Siku ya kwanza atangoja kwa pumzi moja tu, na baada ya mwezi unaweza kwenda chumba cha pili na kurudi ukamkuta palepale. Kola ya umeme, inayotumiwa sana hapa, sipendi kuikaribisha katika hatua hii, kwa sababu mbwa asiyejua maana ya amri hawezi kuielewa kwa kuumizwa.

Hatua ya tano: mlio wa bunduki

Hapa ndipo mbwa wengi wazuri hupotea, na karibu kila mara kosa ni la binadamu. Nilishuhudia mwindaji akimpeleka mbwa wa miezi mitano kwenye uwanja wa kulengea shabaha ili "amzoeshe" siku moja. Mbwa yule alijificha chini ya gari, na tangu siku hiyo alianza kutetemeka kila alipoona bunduki ikitolewa kwenye mfuko.

Utaratibu ninaoufuata huchukua wiki kadhaa. Msaidizi husimama kama mita 100 mbele yetu akiwa na dami, yaani kifuko kigumu cha turubai chenye ukubwa wa bata. Hukirusha juu, na mbwa akishaanza kukimbia, msaidizi hupiga makofi. Siku nyingine hutumia bastola ya kuanzishia mbio, na baadaye sana bunduki ya marisau, ikielekezwa upande wa pili. Umbali hupunguzwa kidogo kidogo, kwa sharti kwamba mlio utokee mbwa anapokuwa amezama katika kukimbiza, ili akili yake iufungamanishe na jambo analolipenda. Tazama mkia na masikio: mkia ukishuka, rudi kwenye umbali wa wiki iliyopita bila kuona aibu.

Hatua ya sita: maji

Ngoja Juni au Julai, ziwa likiwa na joto, na uingie wewe mwenyewe hadi magotini ukimwita. Asitupwe majini kamwe. Kabla ya kuingia, kagua uso wa maji: mwani wa kijani-buluu unaotanda kama rangi iliyomwagika katika siku za jua kali unaweza kuwa na sumu inayomuua mbwa katika muda wa saa chache.

Hatua ya saba: ndege halisi

Anza na bawa lililofungwa kwenye dami, kisha njiwa aliyekufa na kupoa, na mwisho bata kamili. Mbwa akibana sana, usivute, kwa sababu kuvuta humfundisha kubana zaidi; tia mkono chini ya taya, sema "achia", ungoje. Kwa mwindaji Mwislamu mdomo laini, yaani wa mbwa anayebeba ndege bila kumbana, una thamani ya ziada, kwa kuwa ndege anayefika mkononi akiwa hai inabidi achinjwe. Nilipowapigia simu jamaa zangu wa Tanga, swali lao la kwanza lilihusu mate ya mbwa na kuosha mara saba, moja kwa udongo, kama inavyofundishwa katika madhehebu ya Shafi. La pili lilikuwa iwapo nyama ni tamu.

Hatua ya nane: kungoja mbele ya kishawishi

Sasa mambo yote huunganishwa. Mbwa hukaa, dami huanguka mbele yake, naye haendi mpaka asikie jina lake. Katika kila dami nne, mbili nenda ukaziokote wewe mwenyewe huku akikutazama, ili ajue kwamba si kila kinachoanguka ni chake. Panga bata bandia, wale wa plastiki wanaowekwa majini kuwavutia bata halisi, kwenye nyasi na umpitishe katikati yao kwa wiki nzima kabla ya kuwaweka majini, maana mbwa asiyezoeshwa atakuletea bata wa plastiki pamoja na kamba na nanga yake.

Hatua ya tisa: asubuhi ya kwanza

Acha bunduki yako nyumbani. Mwenzako apige, nawe umshughulikie mbwa peke yake, kwa kuwa mtu anayelenga shabaha hamwoni mbwa anayejinyanyua. Mvalishe fulana ya neopreni, mpira laini unaotunza joto, maji yakiwa baridi, mkalishe mahali pakavu, na baada ya bata wawili au watatu ondokeni hata kama kundi jingine linakuja. Mkifika nyumbani mkaushe hadi ndani ya masikio, uchunguze mbegu za majani katikati ya vidole, umpe chakula, kisha mwache alale atakapo.