Uliza Moto Kabla ya Joto: Kuchagua Insulesheni ya Nyumba Ughaibuni

Fundi wa insulesheni, yaani nyenzo zinazowekwa ukutani na darini ili joto lisitoke, akija kukagua nyumba yako huku Ulaya, jambo la kwanza atakalokueleza ni namna bili ya gesi itakavyopungua. Sisi tuliokulia Tanga au Mombasa, ambako nyumba hujengwa ili upepo upite, tunayapokea maneno hayo kwa furaha, maana baridi imetutesa. Habari ya moto hatuiulizi. Nakuomba uiulize, tena kabla hujatia saini.

Usiku wa 14 Juni 2017 jokofu lilishika moto ghorofa ya nne ya Grenfell Tower, London. Moto ulitokea dirishani ukapanda ukuta wa nje hadi juu ya jengo hilo la ghorofa 24. Walifariki watu 72, na miongoni mwao zimo familia zilizotoka Eritrea, Ethiopia na Sudan, majirani zetu kabisa. Kilichoupandisha moto hasa ni mabamba ya alumini yenye tumbo la plastiki. Nyuma yake kulikuwa na vibao vya povu vya kuhifadhi joto, navyo vikachangia moto na moshi.

Ulaya kila nyenzo ya ujenzi ina herufi yake ya moto: A1 ni isiyoungua, kisha A2, B, kushuka hadi F. Ukiona s1, s2 au s3, huo ni moshi, na namba ikipanda moshi umezidi. Herufi d ni ya matone yanayodondoka huku yakiwaka. Ukiona d0, maana yake hayapo. Herufi hizi huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa. Fundi akishindwa kukuonyesha karatasi hiyo, mwambie arudi nayo.

Sufi ya mawe ndiyo ninayoiamini zaidi. Ni mawe yaliyoyeyushwa yakasokotwa kuwa nyuzi. Kwa kawaida ni A1, na huvumilia joto linalopita nyuzijoto 1000 za Selsiasi. Sufi ya kioo nayo haiungui, ila huyeyuka mapema zaidi, kwa hiyo haizuii moto kupita ukutani kwa muda ule ule. Angalia pia kilichogundishwa juu yake: karatasi ya kahawia iliyobandikwa kwenye sufi nyingi za Marekani inawaka, na haifai kuachwa wazi.

Sasa povu. Lile jeupe, kama linalokuja na televisheni mpya, huanza kulegea kwenye nyuzijoto 100 hivi, likayeyuka na kudondoka. Mara nyingi daraja lake ni E, hata likitiwa dawa ya kupunguza moto. Ujerumani nyumba nyingi zimevikwa povu hilo chini ya plasta, ndiyo maana huwekwa mikanda ya sufi ya mawe katikati ili kuukata moto. Vibao vya poliyurethani na PIR, povu gumu la jamii hiyo hiyo, mafundi wanavipenda kwa kuwa ni vyembamba na vinatunza joto sana. PIR haidondoki, hufanya ganda la mkaa juu yake na kuuchelewesha moto. Lakini moshi wake una kaboni monoksidi na gesi ya sianidi. Anayelala chumba cha pili anaweza kuuawa na moshi huo kabla hajauona mwali.

Kwa hiyo povu ndani ya nyumba lifunikwe. Kanuni za Marekani kwa kawaida hudai bamba la jipsamu, lile la kufunikia kuta na dari, la unene wa nusu inchi juu yake, na hata ukiwa kwingine ni kipimo kizuri cha kumdai fundi. Ipo pia insulesheni ya magazeti yaliyosagwa na kutiwa chumvi za boroni: haitoi mwali kwa urahisi, ila inaweza kufukuta kimyakimya kwa saa nyingi.

Hata nyenzo njema huharibiwa na kazi mbovu. Mwaka juzi nilipanda darini kwangu nikakuta sufi imefukia taa zilizozama kwenye dari. Sufi yenyewe haikuungua, lakini plastiki ya taa ilikuwa imegeuka kahawia kwa joto. Niliondoa yote siku ile ile. Acha nafasi kuzunguka taa na bomba la moshi, na usilaze nyaya za umeme juu ya povu jeupe. Ganda la nyaya hizo, plastiki ya PVC, huharibika likigusana na povu hilo.

Kama umepanga kwenye ghorofa ndefu, mwandikie mwenye nyumba umuulize ukuta wa nje umejazwa nini. Uingereza, tangu Desemba 2018, nyumba mpya za makazi zinazozidi mita 18 haziruhusiwi kuwa na nyenzo zinazoungua kwenye kuta hizo. Majengo ya zamani ndiyo ya kuuliziwa zaidi.

Na ukijenga au kukarabati, piga picha ya lebo kabla ukuta haujafungwa. Plasta ikishapakwa, hakuna atakayejua ndani mna nini.