Kabla ya pakiti ya kwanza ya chakula dawa

Mtu mzima anayeishi na VVU akikonda, wa kwanza kushtuka huwa ni watu wa nyumbani, na wazo lao huwa moja: ale zaidi. Si wazo baya. Mwili wenye VVU, hata usipoonyesha dalili, hutaka nishati ya ziada ya asilimia 10 hivi, na magonjwa nyemelezi, yale yanayovizia kinga ikishuka, yakiingia hufika asilimia 20 hadi 30. Tabu ni kwamba maradhi yaleyale yanayodai chakula ndiyo yanayoziba hamu ya kula. Kwa hiyo kuna mambo ya kuweka sawa kabla ya kufungua pakiti ya chakula dawa, kile chakula chenye nishati nyingi cha kutibu utapiamlo, na mengi wala hayahusu chakula chenyewe.

Anza na vipimo. Mtu apande mizani bila viatu, bila koti, bila simu mfukoni. Urefu nao upimwe, usiulizwe, maana wengi hutaja ule wa ujanani. Kilo 45 kwa mtu wa mita 1.65 ni BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya 16.5. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu, na chini ya 16 ni utapiamlo mkali, kwa hiyo huyu yuko karibu na hatari. Kisha tazama miguu: bonyeza kwa dole gumba sekunde chache, uachie. Kikibaki kishimo, hayo ni maji, na mizani imekudanganya. Mjamzito hupimwa mzunguko wa mkono wa juu, kwani BMI yake haisemi kweli.

Baada ya hapo, tafuta kwa nini amekonda. Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko popote. Mwambie afungue kinywa mbele ya mwanga. Utando mweupe kwenye ulimi na kaakaa ni fangasi, na wakishuka kooni kila tonge huuma. Mtu wa namna hii atakwambia "sina hamu", kumbe anaogopa kumeza, na dawa ya fangasi itamsaidia kuliko katoni nzima ya chakula. Uliza kikohozi, homa, na jasho la usiku linalolowesha shuka: hizo pamoja na kukonda ni dalili za kifua kikuu, na apimwe. Uliza kuharisha. Uliza kama anameza ARV, dawa za kufubaza VVU, bila kumtisha, kisha angalia kipimo cha wingi wa virusi, kwa sababu virusi vikiwa juu chakula peke yake hakitamnyanyua. Na uliza kama nyumbani kuna chakula chochote.

Aliyekaa siku nyingi bila kula karibu chochote asijaziwe sahani. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi kwa ghafla, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kuyumba. Mwenye utapiamlo mkali anayetapika kila kitu, au asiyeweza kusimama, aanzie hospitalini kwa viwango vidogo. Ndugu huona ni uchoyo, waelezwe mapema.

Chupa zote za dawa ziletwe, kwani kila ARV ina masharti yake ya chakula. Efavirenz humezwa tumbo likiwa tupu, wakati wa kulala, kwani mafuta huongeza kiwango chake mwilini, na madhara nayo. Darunavir na atazanavir, kinyume chake, hutaka chakula. Dolutegravir haina shida na chakula, ila vidonge vya madini ya chuma au kalisi huizuia kufyonzwa: imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baadaye, au vyote vimezwe pamoja na mlo. Vitamini za dozi kubwa za kujinunulia ziachwe. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2012 haukuona faida ya dozi kubwa kuliko ya kawaida kwa watumiaji wa ARV, na uliona dalili za ini kusumbuka.

Pakiti ya gramu 92 ya chakula dawa ina kilokalori 500 hivi: karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Uliza mzio wa karanga na kisukari. Haina maji, ndiyo maana haiharibiki upesi, lakini huleta kiu, kwa hiyo maji salama yawe karibu. Akipewa unga wa lishe badala yake, nani atapika, na kwa kuni zipi?

Kuna jambo lisilosemwa sana: majirani huijua pakiti ile. Asiyetaka hali yake ijulikane huificha, au haendi kuichukua kabisa. Unga unaweza kuhamishiwa mfuko wa kawaida, mradi tarehe ya kuisha iandikwe upya. Na watoto wakiwa na njaa, mzazi atagawa. Usimgombeze, ulizia msaada wa kaya nzima.

Mwisho wa mpango nao ujulikane tangu siku ya kwanza. Programu nyingi humtoa mtu akishafikia BMI ya 18.5 na kubaki hapo mahudhurio mawili mfululizo. Uzito usiposogea wiki za mwanzo, kabla ya kuongeza pakiti rudi kwenye kinywa, kikohozi na zile chupa za dawa.