Pluto kwa picha nne: ninavyozipanga usiku studio

Kazi yangu ni picha za pasipoti, za harusi na za skuli, hapa Wete. Mchana natoa chunusi kwenye nyuso za watu. Usiku, wateja wakishaondoka, kompyuta ile ile naitumia kuitazama Pluto, ile sayari kibete ya mbali. Mpwa wangu anayenisaidia studio aliponikuta nimefungua picha nne kwenye skrini alisema, "Mjomba, mbona zote ni ile ile?" Nikamwambia atazame tena, safari hii aweke kidole kwenye ukingo. Pluto ilikuwa imesogea kidogo katika kila picha, na ni huko kusogea tunakokutafuta.

Picha hizo ni za chombo cha Marekani, New Horizons, kilichopita karibu na Pluto tarehe 14 Julai 2015. Kamera yake ya mbali inaitwa LORRI. Haina rangi, na picha yake kamili ni pikseli 1024 kwa 1024. Chombo chenyewe hakina yale magurudumu ya kuzunguka ndani ambayo vyombo vingi hutumia kujituliza. Kinajiweka sawa kwa kupuliza gesi kidogo kidogo, basi kikawa kama ngalawa iliyotiwa nanga: haiendi popote, lakini haitulii. Mpiga picha za harusi angelia. Sisi tunashukuru, maana pikseli moja hukusanya mwanga wa eneo zima na kuutoa kama doa la rangi moja. Chombo kikiyumba nusu pikseli, mipaka ya maeneo yale inaangukia pengine, na picha ya pili inakwambia jambo ambalo ya kwanza haikuliona. Picha nne zilizokaa palepale kabisa, ukizichanganya, hupunguza chenga tu, yaani vidoa vya ovyo vya kamera. Zilizoyumba hupunguza chenga na huongeza undani.

Kabla ya kupakua chochote, piga hesabu. Chombo kikiwa umbali wa kilomita milioni 10, yaani siku kama nane kabla ya kufika, pikseli moja ya LORRI inafunika kama kilomita 50. Pluto ina upana wa kilomita 2,377, kwa hivyo utaipata na pikseli 48 hivi. Kwenye skrini haizidi kitufe cha shati. Sasa, Pluto inajizungusha mara moja kwa siku 6.4, na ukigawanya utaona kwamba kwenye ikweta yake ardhi inakwenda kama kilomita 49 kwa saa. Ni mwendo wa gari ya abiria ya kwenda Konde ikipita kwenye nyumba za watu. Kwa saa moja, basi, alama iliyo hapo imeshasogea karibu pikseli nzima, na ukiichanganya na picha ya mwanzo umejichafulia mwenyewe. Chukua picha zilizofuatana ndani ya dakika chache. Za leo na za kesho usizichanganye kabisa, kwani chombo kilikuwa kinakwenda karibu kilomita 14 kwa sekunde, na baada ya siku moja Pluto imeshakuwa kubwa zaidi kwenye picha. Na usianze na Mshtarii. Unajizungusha kwa muda usiofika saa kumi. Utachoka kabla hujapata kitu.

Picha zenyewe ni bure. Ziko kwenye hifadhi ya NASA iitwayo Planetary Data System, na huulizwi jina wala kadi. Faili za LORRI zinaanza na herufi lor, na mwishoni zina eng au sci. Chukua za sci, ambazo kasoro za kamera zimeshasawazishwa. Ni faili za aina ya FITS, megabaiti kadhaa kila moja, kwa hivyo nunua bando mapema. Angalia pia ukubwa: kamera hii ilikuwa na namna nyingine ya kupiga, ya pikseli 256 kwa 256, na hizo hazifai kwa kazi ya leo.

Nakuonya na jambo moja lililonipotezea usiku mzima. Mwanzo nilipakua picha kwa simu, nikajitumia kwa programu ya ujumbe ili nizifungue kwenye kompyuta. Programu ikazibana. Nilikaa mpaka karibu na adhana ya alfajiri nikipanga vijisanduku vidogo vidogo nikidhani ni mabonde. Hamisha kwa waya au kwa flashi.

Zifungue kwa Siril, programu ya bure, kisha uzihifadhi kama TIFF ya biti 16. Usiiache programu ijiamulie mwangaza wa kila picha peke yake. Zote zipewe kipimo kimoja. Halafu zichambue kama karafuu na makonyo. Iliyovutika kwa mtikisiko, itupe. Iliyosogea lakini kali, hiyo ndiyo karafuu. Watu wengi hufanya kinyume chake, wanaweka zinazofanana na kutupa zilizohama.

Kupanga nafanya kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, nayo ni bure. Iko njia ya kisomi zaidi: Andrew Fruchter na Richard Hook waliibuni kwa ajili ya picha 342 ambazo darubini ya Hubble iliupiga upande mmoja mdogo wa mbingu Disemba 1995. Waliiita Drizzle, yaani manyunyu, kwa sababu kila pikseli inapunguzwa ikawa tone, kisha matone yanadondoshewa kwenye gridi yenye vyumba vidogo zaidi. Siril inaweza. Lakini kwa picha nne na macho mawili, mkono unatosha, na mkono ndio utakaokufundisha.

Fungua picha nne kama matabaka ya faili moja, weka faili kwenye biti 32, kata kisanduku cha pikseli 100 kwa 100 chenye Pluto katikati, kisha kikuze mara nne, kiwe 400 kwa 400. Kukuza huku hakuongezi kitu chochote. Kunakupa nafasi tu ya kusogeza. Sasa ukibonyeza mshale mara moja, tabaka linahama robo ya pikseli ya asili, na ni hiyo robo unayoitaka.

Zima matabaka mawili ya juu. Lile la pili kutoka chini liweke kwenye hali ya Difference, ili skrini ikuoneshe tofauti tu kati yake na la chini. Yakikaana sawa, utaona giza. Yakikosana, utaona hilali nyembamba kwenye ukingo, moja kila upande. Bonyeza mshale mmoja, tazama: hilali imenenepa? Rudi. Imekonda? Endelea. Hapa ndipo pekee ninapoomba mwezi usiandame. Ukimaliza kulia na kushoto, nenda juu na chini, kisha rudia kulia na kushoto, maana jicho hudanganyika likishazoea. Lirudishe tabaka kwenye hali ya kawaida, shughulikia la tatu, halafu la nne, kila mara ukilinganisha na lile la chini. Hifadhi kila ukimaliza moja. Umeme ukikatika hauulizi.

Kisha weka ukolezo wa kila tabaka (Opacity): la chini asilimia 100, la pili 50, la tatu 33.3, la nne 25. Wengi huweka 25 kote wakidhani wametenda haki, kumbe hapo picha ya chini inabaki na sauti kubwa kuliko wenzake. Kwa hesabu niliyokupa, kila moja inachangia robo kamili. Chenga zitapungua nusu. Ukitaka zipungue zifike robo, utahitaji picha 16.

Yaunganishe matabaka. Utakuta picha laini, imepoa, kama imetazamwa kupitia chandarua. Usivunjike moyo, undani umo. Tumia Unsharp Mask, kichujio cha GIMP cha kuongeza ukali, nusu kipenyo cha pikseli 4 au 5, na uongeze nguvu taratibu. Ukiona pete nyeupe au nyeusi inauzunguka ukingo wa Pluto, umezidisha; rudi nyuma. Na usitegemee zaidi ya mara mbili ya ukali wa mwanzo, hata kwa picha mia. Kioo cha LORRI kina upana wa sentimita 20.8, na ukungu wa kioo chenyewe hauondoki kwa kusogezasogeza.

Nilipofika hapo mara ya kwanza nilikuwa na alama nyeusi nzuri upande wa kushoto. Nikaichapa, nikaitundika karibu na pazia jeupe la pasipoti. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake akaniuliza hilo ni jicho la nani na kama limeshapona. Mpwa wangu ndiye aliyesema tuipime: panga mbili za mwanzo peke yake, na mbili za mwisho peke yake, kisha tazama alama inaonekana kwenye zote. Mabonge meupe yalionekana kote kuwili. Alama yangu nyeusi ilikuwa upande mmoja tu.

Tukaifungua na picha ya karibu ya tarehe 14, ile yenye eneo jeupe la umbo la moyo. Hapo ndipo uzuri wa kuanza na Pluto: majibu ya mtihani yapo, unaweza kujisahihisha. Zungusha na punguza picha ya karibu mpaka ilingane na yako, uzitazame kwa zamu. Moyo wetu ulikuwepo, umefifia upande wa chini lakini upo. Pale penye alama yangu hapakuwa na kitu. Niliishusha ile ya ukutani, nikachapa nyingine, na nyuma yake nikaandika kwa kalamu majina ya faili zote nne.