Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kipupwe kwa Mlezi wa Mtoto Mwenye Pumu ya Ngozi

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi na upepo mkavu wa Njombe, Makete na Mafinga hukausha ngozi ya kila mtu. Mtoto mwenye pumu ya ngozi (ekzema) huumia zaidi, kwa sababu ngozi yake haihifadhi maji vizuri na hupenyeza kwa urahisi vitu vinavyoiwasha. Hali hii kwa kawaida huanza kabla ya umri wa miaka 5, huonekana sana katika familia zenye pumu au mafua ya mzio, na haiambukizi hata kidogo. Mwalimu anayemtenga mtoto darasani aelezwe hivyo waziwazi. Anayengoja mpaka mtoto aanze kukesha akijikuna huwa amechelewa, hivyo maandalizi yafanyike Mei.

Jambo la kwanza ni kuwa na hakika na ugonjwa wenyewe. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, bali hutokea mabaka ya kijivu au meusi zaidi, yenye kukwaruza na vipele vidogovidogo, mashavuni kwa mtoto mchanga na kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti kwa mkubwa. Ikiwa wengine nyumbani nao wanajikuna usiku, na vipele viko katikati ya vidole, yaelekea huo ni ugonjwa wa upele, unaoambukiza na ambao hutibiwa kwa kaya nzima kwa pamoja.

Linalofuata ni mafuta, na kwa maoni yangu hapa ndipo fedha ya familia ielekezwe, si kwenye sabuni za dawa ambazo huzidi kuikausha ngozi. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha, lakini yanunuliwe kwa wingi, kwani mtoto anayepakwa mwili mzima inavyostahili anaweza kumaliza gramu 250 au zaidi kwa wiki. Aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, bila dodoki, akaushwe kwa kugusishwa taulo pasipo kusuguliwa, kisha apakwe papo hapo ngozi ikiwa bado na unyevu, na apakwe tena baadaye, hata siku ambazo ngozi inaonekana safi. Kwa kuwa nguo iliyolowa mafuta hushika moto upesi, mtoto asiote moto karibu na jiko la mkaa.

Dawa ya kupaka ya steroidi huogopwa na wengine kupita kiasi, na wengine huitumia ovyo. Yote mawili humdhuru mtoto. Ikitumiwa kwa kiwango cha ukali na kwa muda alioelekeza mtaalamu, hutuliza uvimbe na kumpa mtoto usingizi. Kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima, hadi mkunjo wa kwanza, hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kabla ya kununua, soma jina la dawa kwenye boksi: klobetasoli ni steroidi kali mno na haifai kupakwa usoni mwa mtoto, nayo mara nyingi imo katika krimu za kung'arisha ngozi na katika zile zinazochanganya dawa tatu (steroidi, ya fangasi na ya bakteria). Mabaka meusi yanayobaki baada ya muwasho kwisha hufifia yenyewe kwa miezi, wala hayahitaji steroidi.

Sweta la shule livaliwe juu ya fulana ya pamba, na kucha zikatwe fupi. Mayai, maziwa au samaki visiondolewe katika mlo kwa kubahatisha, kwa maana mtoto anaweza kudhoofu bila ngozi kupona. Chanjo nazo ziendelee kama ratiba inavyotaka.

Jueni mapema mtakapokimbilia. Usaha au magamba ya njano ni dalili ya maambukizi ya bakteria, yanayohitaji matibabu ya kituoni. Malengelenge madogo yenye maumivu yanayosambaa ghafla pamoja na homa ni dharura ya siku hiyohiyo. Mkienda, bebeni kila dawa mliyokwisha kumpaka, hata ile ya jirani isiyo na jina, kwa kuwa mganga wa kituoni hawezi kupima athari za dawa asiyoijua.